Eti Mumia Aliona Mbali

Hapa Tiira, upande wa Uganda wa mpaka, chungu cha ajono, pombe yetu ya kienyeji, hakinywewi kimya. Mirija ikishazama na maji ya moto yakiongezwa mara ya pili, maneno huanzia kwenye bei ya dhahabu, hupita kwenye karasha na zebaki, huvuka mpaka bila kitambulisho, na mwishowe, sijui kwa nini, hutua Mumias. Juzi yalitua huko tena. Mzee mmoja aliyewahi kulima miwa upande wa Kenya alisema neno ambalo nimelisikia tangu nikiwa mtoto wa kutumwa maji: "Mumia aliona mbali. Wenzake walishika mikuki, yeye akashika mkono wa mzungu. Ndiyo maana watu wake walipona." Wote wakaitikia.

Kijana aliyerudi kutoka masomoni Marekani akaongeza chumvi. Huko nako, alisema, kuna watu wanaoitwa Crow, na mkuu wao wa mwisho, Plenty Coups, akiwa mtoto aliota ndoto mlimani akaona nyati wakitoweka na msitu mzima ukiangushwa na upepo, ukabaki mti mmoja tu, makao ya ndege mdogo anayejua kusikiliza. Wazee wakaitafsiri: tusipigane na weupe, tutabaki kama mti ule. Na kweli, alisema kijana, Crow wako Montana hadi leo, kwenye ardhi yao. "Mumia ndiye Plenty Coups wetu." Mzee akamsogezea mrija kwa heshima.

Nilinyamaza siku ile, kwa sababu mrija niliokuwa nanyonyea haukuwa wangu. Leo niko kwangu.

Niwatendee haki kwanza, maana hoja yao si ya kipuuzi. Mumia alikalia kiti cha Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga, mwaka 1882 baada ya baba yake, Shiundu. Alirithi ufalme mdogo wenye majirani wakali: Waluo wa Ugenya upande mmoja, Wabukusu upande mwingine. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa imeshazoea kupumzika kwake. Joseph Thomson alipita mwaka 1883, Askofu Hannington akapita 1885 akielekea kuuawa Busoga, na Frederick Jackson akaja na bendera ya kampuni ya Waingereza mwaka 1889. Mumia aliwapokea, akawalisha, akawapa mahali pa kujenga. Hakuna mzungu aliyechoma kijiji chake. Mwaka 1909 alitangazwa rasmi kuwa chifu mkuu, na alipofariki tarehe 24 Aprili 1949 alikuwa mzee wa umri unaokaribia miaka mia. Mlinganishe na Kabalega wa Bunyoro, aliyekamatwa 1899 na kupelekwa Shelisheli. Au na Koitalel arap Samoei wa Wanandi, aliyeitwa kwenye mazungumzo ya amani mwaka 1905 akapigwa risasi. Ukihesabu vifo vya wafalme, Mumia ameshinda.

Ukihesabu vifo vya wafalme. Hapo ndipo ninapoanzia.

Kwanza: mfalme wa akina nani?

Wanaomsifu Mumia humwita mfalme wa Waluhya wote. Wengine humpa nchi kutoka Naivasha hadi Busoga, kana kwamba wanagawa karanga. Jina lenyewe la Waluhya halikuwa limeenea kwa matumizi ya wote mpaka miaka ya 1930 na 1940, Mumia akiwa kikongwe. Kabla ya hapo serikali ilitia kila mtu kwenye gunia moja la "Kavirondo", na Wabukusu ikawaita "Kitosh", jina walilobandikwa na wengine na ambalo hawakulipenda. (Huku kwetu Tororo tulibandikwa "Bukedi", kwa sababu Waganda walituona tuko uchi. Na hao Crow hujiita Apsáalooke, watoto wa ndege mwenye mdomo mkubwa. Mzungu akasikia ndege, akaandika kunguru.)

Ufalme wa Wanga ulikuwepo, sibishi. Una ukoo wake, mila zake za mazishi ya wafalme, na miaka mingi nyuma yake. Lakini ukubwa wa kutawala kutoka mlima Elgon hadi ziwani ulitoka kwa C. W. Hobley, afisa aliyefanya Mumias makao yake kuanzia mwaka 1895. Wakati huo eneo hili lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na Waingereza walikuwa wameshaonja Buganda. Mtu aliyezoea kukuta Kabaka akishuka mlima mmoja hutaka kukuta mwingine akipanda mlima wa pili. Pasipo na Kabaka, hutengenezwa.

Mashabiki wa Mumia wachague wenyewe. Kama Wabukusu, Wamarama, Wasamia na wengine walikuwa raia zake, basi mwaka 1895, kama nitakavyosimulia, mfalme alisaidia wageni kuwaua watu wake mwenyewe. Kama hawakuwa raia zake, basi hakuwa mfalme wa wote, na sifa ya "kuunganisha Waluhya" irudishwe ilikotoka. Hakuna mlango wa tatu.

Kwa sababu hiyohiyo mimi simwiti msaliti, kama wanavyofanya vijana wa upande wa pili wa ubishi huu. Msaliti huuza watu wake. Mumia aliuza njia ya kwenda kwa jirani. Kosa hilo ni la namna nyingine, na lina bei yake.

Pili: mbali, au pale kwenye ua wa jirani?

Kuona mbali ni neno kubwa. Mumia aliona nini hasa?

Aliona Ugenya. Wakager wa huko, Waluo, walikuwa wamemsukuma baba yake mpaka ufalme ukabanwa, na Shiundu akatafuta msaada popote: bunduki kwa Waswahili, wapiganaji kwa mabaki ya Wamaasai wa Uasin Gishu waliokuwa wametawanyika baada ya vita vyao. Mwanawe akaendeleza biashara ileile na mteja mpya. Waswahili walikuwa na magobori. Mzungu akaja na Maxim. Kama nawe una jirani anayekunyima usingizi, na mtu anakuja mlangoni na bunduki inayotema risasi kama mvua ya mawe, huhitaji ndoto wala utabiri ili umkaribishe. Unahitaji hasira tu.

Utabiri wenyewe haukukosekana kwa wengine. Wabukusu walikuwa na mwonaji wao, Mutonyi Bukelembe, anayesimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa watu weupe kabla hawajaonekana. Walijua wanakuja, na bado walipigana. Kwa hiyo ile hesabu ya kijana wetu, kwamba aliyeona mbele alishika mkono na kipofu alishika mkuki, haitoki. Wote waliona. Walitofautiana kwenye la kufanya.

Na kama tunapima macho, tupime vizuri. Mapema mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters alifika kwenye mji wa Mumia. Jackson hayupo, yuko Elgon anawinda tembo. Barua za Jackson zimeletwa kutoka Buganda, zimo mle mjini zinamngoja. Peters akazifungua, akazisoma, akajua kwamba Kabaka Mwanga anaomba msaada, akakimbia kumwahi. Siasa ya Ulaya kuhusu nchi hizi zote ilikuwa imelala kwenye bahasha katika mji wa mtu aonaye mbali. Sidai alipaswa kujua kusoma Kiingereza. Nasema tu kwamba mambo makubwa yalipita mbele yake kama yalivyopita mbele ya kila mtu.

Kisha reli. Kwa miaka mingi njia ya misafara kwenda Uganda ilipita Mumias. Ndiyo iliyompa ushuru, bidhaa na hadhi. Desemba 1901 reli ikafika ziwani, Kisumu. Mumias ikaachwa pembeni na marafiki zake kwa ncha ya kalamu ya mhandisi.

Tatu, na hapa nitakaa: damu haikumwagika?

"Hapakuwa na vita, alinusuru watu." Sentensi hii husemwa Mumias. Sijawahi kuisikia Webuye.

Mwaka 1895 askari wa Kinubi waliokuwa watoro waliacha bunduki zao mikononi mwa Wabukusu. Hobley akazidai. Wabukusu wakakataa. Akatuma kikosi kidogo cha Wanubi kwenda kuzichukua, na kikosi hicho kikauawa karibu chote. Agosti mwaka huohuo jibu likaja: Wanubi wengine wenye Maxim, jeshi la Waganda chini ya Semei Kakungulu, Wamaasai wa Uasin Gishu, na Wawanga wa Mumia. Wakaivunja ngome ya Lumboka, kisha wakaenda kwenye ngome ya Chetambe, huko Webuye, juu ya kilima, yenye handaki na ukuta wa udongo. Ukuta wa udongo ulijengwa kuzuia mikuki na mishale. Wanaume wakauawa ndani ya ngome yao, wanawake na watoto wakatekwa, ng'ombe wakaswagwa.

Vita hivyo vilitoka wapi? Kambi ilikuwa Mumias. Chakula cha askari kilikuwa cha Mumias. Njia, habari za jirani na hesabu ya mifugo yake, vyote vilikuwa Mumias. Huwezi kuwa ghala la vita kisha ukaandikwa kwenye kitabu cha amani. Baada ya Wabukusu ikaja zamu ya Wakager wa Ugenya, wale maadui wa zamani kabisa: mwaka 1896 na 1897 Hobley aliwapelekea Maxim, na Wawanga wakarudi kwenye ardhi waliyokuwa wamesukumwa kuiacha. Ukitaka kujua nani alikuwa anamtumia nani, angalia orodha ya waliopigwa: maadui wa mzungu na maadui wa Mumia walikuwa karibu orodha moja.

Basi damu haikumwagika Mumias. Ilimwagika kwa niaba.

Halafu ikaja amani, na amani ilikuwa ghali kuliko vita. Serikali ilihitaji machifu wa kukusanya kodi, kutoa vibarua wa barabara, na baadaye, katika vita vya 1914 hadi 1918, kutoa wapagazi waliopelekwa kufa kwa kuhara na homa kwenye misitu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wangetoka wapi machifu hao? Kwa Mumia, bila shaka. Ndugu yake Mulama akapewa Wamarama. Ndugu mwingine, Murunga, akapelekwa kwa Wabukusu wa kaskazini. Fikiria mtu wa Kimilili ambaye baba yake alizikwa Chetambe: anayekuja kuhesabu vibanda vyake kwa ajili ya kodi ni mtoto wa nyumba iliyowaongoza askari. Naye hawezi kumkataa, maana cheti chake kimetoka kwa Bwana Shauri, afisa wa serikali. Malalamiko dhidi ya machifu wa Kiwanga yalidumu miaka na miaka, na mwaka 1932 Wakager waliunda chama chao cha ukoo kudai ardhi iliyokuwa imekwenda kwa Wawanga. Miaka 35 baada ya Maxim, kesi ilikuwa bado mbichi.

Huku upande wetu wa mpaka, Mumia wetu aliitwa Kakungulu. Huyohuyo wa Chetambe. Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata Kabalega na Mwanga, na kwa malipo akapewa ruhusa ya kuingia Bukedi na kuifanya nchi yake. Alijenga ngome Budaka, watu wake wakasambaa mpaka Tororo, wakaweka masaza na magombolola kama vile nchi haikuwa na wenyewe. Kwa Wajopadhola walimkuta Majanga, kiongozi wa ibada ya Bura, ambaye watu walimtii bila cheti cha mtu yeyote. Huyo hawakumhitaji. Mfumo wa watu wa kuazimwa hauwezi kuvumilia mtu anayetiiwa bure. Wateso wa hapa Buteba, Wagwe, Wasamia, wote tulijifunza neno "mwami" kutoka kwenye mdomo wa Mganda aliyeshika fimbo, na babu zetu walijifunza Luganda kwa kujibu mashtaka.

Kakungulu naye alidhani ameahidiwa ufalme. Mwaka 1902 Waingereza walimwondoa Budaka, akasogea Mbale na kupewa maili za mraba 20 za kujifariji. Akatumwa Busoga, akarudi, akagombana na serikali, akaingia dini iliyokataa dawa za hospitali, na mwaka 1919 akajitahiri akawa Myahudi. Jumuiya yake ya Abayudaya iko Mbale hadi leo. Alifariki 1928. Ni mtu wa ajabu sana na siku moja nitamwandikia makala yake. Kwa leo namtaja kwa jambo moja: yeye pia alikuwa rafiki.

Nne: waliopinga wako wapi?

"Waliopinga waliangamia." Nenda Bungoma ukaseme hivyo sokoni, upaze sauti. Wabukusu ndio kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa Waluhya. Wanandi, waliopigana na Waingereza kwa takriban miaka kumi na kumpoteza Koitalel, wako Nandi, wanalima chai na kushinda mbio. Walinyang'anywa ardhi, ndiyo, waliumia, ndiyo. Kuangamia hawakuangamia.

Na hawakusahau. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Wabukusu na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walikwenda Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Nusu karne na ushee ilikuwa imepita. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi waumini hao Malakisi, wakafa 11. Malakisi ni hapa karibu, Wateso na Wabukusu hununua pamoja huko. Mumia alikuwa bado hai, akiwa na mwaka mmoja na miezi michache ya kuishi. Yale mapatano yaliyosifiwa kuwa ya busara yalikuwa yanaendelea kudai watu.

Sasa nimjibu kijana wa Marekani, maana mfano wake ni mzuri kuliko alivyojua. Wapiganaji wa Crow walitumika upande wa jeshi la Marekani mwaka 1876, dhidi ya Sioux na Cheyenne, na sababu yao ilikuwa kama ya Mumia: Sioux walikuwa wanawasukuma kutoka kwenye ardhi yao. Mkataba wa 1851 uliwatambulia Crow ekari zipatazo milioni 38. Mwaka 1868 zikawa milioni 8. Vita vya 1876 vikaja, Crow wakamwaga damu yao kwa ajili ya serikali. Leo hifadhi yao ina ekari kama milioni 2.3. Karibu sehemu moja kwa kumi na sita, na sehemu kubwa ya makato ya mwisho yalifanyika baada ya urafiki kuthibitishwa kwa damu. Mwaka 1921 Plenty Coups alisafiri mpaka Arlington, akavua kilemba chake cha manyoya na kuweka pamoja na fimbo yake ya vita kwenye kaburi la askari asiyejulikana. Sheria iliyowapa wenyeji wote wa asili uraia wa Marekani ilikuja 1924. Mzee alikuwa ameweka taji lake juu ya kaburi la askari wa nchi ambayo bado ilikuwa inafikiria kama watu wake ni raia.

Nitamwachia kijana robo ya hoja: Crow wamebaki kwenye kipande cha ardhi ya mababu zao, na wapo waliohamishwa mbali kabisa. Lakini Sioux nao wapo. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua walipwe zaidi ya dola milioni 100 kwa Black Hills iliyochukuliwa, na wamekataa kuzipokea hadi leo, wanataka milima. Rafiki na adui wanaishi kwenye hifadhi za serikali ileile, chini ya ofisi ileile. Tofauti ni kwamba mmoja wao bado ana kesi.

Tano: mshahara wa rafiki

Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Mumia alilala mtu wa Uganda akaamka mtu wa himaya nyingine, bila kutoka kitandani. Mstari uliopigwa ndio huu unaopita hapa kwetu: Wasamia wakagawanywa kwenye mto Sio, Wateso wakagawanywa Malaba, na sasa mama wa Buteba akienda kumzika dada yake Amagoro anapita mbele ya afisa wa uhamiaji. Hakuna aliyemuuliza Nabongo.

Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Mwaka 1926 Mumia akastaafishwa, mwaka uleule ambao London ilithibitisha mpaka kwa amri rasmi. Cheo cha chifu mkuu kikazikwa kabla ya mwenyewe.

Lakini kitu ninachotaka wachimbaji wa Tiira wakisikie ni dhahabu. Mwaka 1930 serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za wenyeji: ardhi ni yao milele, na ikilazimu kuchukuliwa kipande, watapewa kipande kingine cha thamani sawa. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakaja kwa mamia na vigingi vyao. Mwaka 1932 sheria ikarekebishwa haraka, fidia ya ardhi kwa ardhi ikaondolewa. Milele ilidumu miaka miwili. Hapo ilikuwa wilaya ya Mumia, ile aliyowafungulia mlango, aliyowaazima ndugu zake kuitawala. Kama urafiki wa miaka 40 ungekuwa na thamani yoyote benki, hiyo ndiyo siku ya kwenda kuutoa.

Mtu anaweza kuniwahi hapa: je, si kweli kwamba miaka ya 1930 chama cha North Kavirondo Central Association kilidai pawepo mkuu mmoja wa Waluhya, kutoka nyumba hiyohiyo ya Wanga? Ni kweli. Walioona ardhi inachimbwa chini ya miguu yao walitafuta mfalme yeyote wa kusimama mbele. Na serikali, ile iliyokuwa imemtengeneza mfalme mkuu mwaka 1909 ilipokuwa inamhitaji, ikakataa kuwa naye watu walipomhitaji. Ushahidi huu ndio huletwa kumtetea Mumia. Mimi ningeuficha.

Jina lake lilibaki. Liliandikwa kwenye mifuko ya sukari kuanzia miaka ya 1970, kiwanda kilipojengwa. Mwaka 2019 kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu wa madeni, na yule mzee wa mirija alikuwa mmoja wa waliorudi nyumbani na miwa iliyokauka shambani. Bado anasema Mumia aliona mbali. Sikuwa na moyo wa kumuuliza kama aliona na hilo.

"Basi ulitaka afanye nini, apigane afe?" Najua swali hili linakuja, lilishakuja kabla hata sijamaliza kuandika, mke wangu akisoma begani. Sikumtaka apigane. Alikuwa na haki ya kutafuta usalama wa nyumba yake, kama kila mtu aliyezungukwa. Kumfungulia mgeni mlango ni jambo moja. Kumwonyesha nyumba ya jirani, kumbebea risasi hadi huko, kisha kumpeleka ndugu yako akae kwenye kiti cha jirani, ni jambo lingine, na watu wenye akili timamu wanayataja yote mawili kwa jina moja: busara.

Basi la Eldoret likitoka Malaba hupita Webuye. Safari yako ijayo usilale. Mwulize abiria wa karibu akuonyeshe kilima cha Chetambe, na kama ni mtu wa huko, mwulize pia Mumia alimnusuru nani. Ukirudi Tiira unitafute. Ajono nitanunua mimi.